Dawa ya Moto ni Moto: Tarikhi ya Hewa Ipozayo Tabaini

Wazee walisema kwamba dawa ya moto ni moto. Aghalabu msemo huu hutumiwa katika mambo ya ugomvi na visasi, wala mtu hatazamii kuukuta katika karakana ya wahandisi. Lakini ndani ya injini kubwa ya ndege ya leo msemo huo una maana yake kamili. Gesi itokayo katika tanuri la injini hiyo hupita nyuzi 1,500 za Selsiasi, na mapanga ya aloi ya nikeli yapigwayo na gesi hiyo huanza kuyeyuka kabla ya kufikia nyuzi 1,400. Kinachoyaokoa mapanga hayo si maji wala barafu. Ni hewa iliyokwisha kushindiliwa mpaka ikapata joto la zaidi ya nyuzi 600, hewa ambayo ingeuunguza mkono wa mtu mara moja. Moto mdogo huutiisha moto mkubwa.

Insha hii yakusudia kueleza jinsi hewa hiyo ilivyokuja kutumiwa, na jinsi inavyochotwa, inavyopelekwa na inavyozuiwa isipotee njiani. Wengi waliotunga habari za injini hizi walisifu moto na mwendo wake. Wachache walijali hewa isiyounguzwa, nayo ndiyo iliyoamua tangu mwanzo nani atafaulu na nani atashindwa.

Kwanza yatupasa kuufahamu mtambo wenyewe. Tabaini ya gesi ina sehemu tatu zilizopangwa katika mstari mmoja. Mbele iko kompresa, nayo ni safu za mapanga yazungukayo ambayo huvuta hewa na kuishindilia. Katikati liko tanuri, ambamo mafuta hutiwa na kuwashwa pasipo kukoma. Nyuma iko tabaini yenyewe, magurudumu ya mapanga yazungushwayo na gesi ya moto ikimbiayo kutoka katika tanuri. Tabaini na kompresa zimefungwa katika mhimili mmoja, hivyo tabaini ndiyo impayo kompresa nguvu zake. Kila kinachobaki baada ya kompresa kula sehemu yake ndicho faida ya mwanadamu, ama kwa kusukuma ndege, ama kwa kuzungusha jenereta ya umeme.

Shauri hili ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwingereza John Barber alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1791, lakini enzi zile hapakuwa na chuma wala kompresa ya kuutimiza. Mwaka 1903 Ægidius Elling wa Norwei alipata mtambo uliotoa nguvu ya ziada, yaani baada ya kompresa kushiba kilibaki kitu: nguvu za farasi 11. Gesi yake iliingia katika tabaini kwa joto la nyuzi 400 hivi. Miaka hiyo hiyo, huko Paris, René Armengaud na Charles Lemale walijaribu gesi ya moto zaidi, nao wakalazimika kulipoza gurudumu lao kwa maji. Mtambo wao ulizunguka, lakini ufanisi wake ulikuwa kama 3 kwa mia tu. Huyu aliogopa moto akapata nguvu kidogo. Hawa waliukabili moto, na maji waliyotumia kujikinga yakaondoka na sehemu ya faida. Katika mifano hii miwili limo tatizo zima la miaka mia moja iliyofuata.

Uzito wa tatizo hilo waonekana vyema katika hesabu za mtambo wa umeme uliojengwa na kampuni ya Brown Boveri kwa ajili ya mji wa Neuchâtel, nchini Uswisi. Mtambo huo ulipimwa mwezi wa Julai 1939 mbele ya mzee Aurel Stodola, bingwa wa elimu ya tabaini, aliyekuwa ametimiza miaka 80. Tabaini yake ilitoa kilowati 15,400 hivi, na katika hizo kompresa ilikula 11,400. Zilizobaki kwa ajili ya umeme ni 4,000 tu, na ufanisi wake ukawa 17.4 kwa mia. Gesi yake iliingia kwa nyuzi 550. Ikiwa karibu robo tatu ya nguvu huliwa na kompresa, basi kila nyongeza ndogo ya joto ni neema kubwa. Kwa maana joto likizidi tabaini hutoa nguvu zaidi, hali mahitaji ya kompresa hayaongezeki kwa kadiri ile. Kinyume chake ni kweli vile vile: hewa ikivuja kidogo tu, hasara yaikata ile robo iliyobaki, si jumla yote. Ndiyo sababu wahandisi wa tabaini wamekuwa watu wa kuhesabu pumzi.

Mwaka huo huo wa 1939, tarehe 27 Agosti, ndege ya kwanza ya injini ya jeti iliruka Ujerumani, nayo ni Heinkel He 178. Uingereza, Frank Whittle aliyekuwa amewasha injini yake ya kwanza tarehe 12 Aprili 1937 aliona ndege yenye injini yake ikiruka tarehe 15 Mei 1941. Mataifa mawili yaliyokuwa vitani yalikuwa yakiandama jambo moja, lakini kwa mali zisizolingana. Waingereza walikuwa na njia ya kupata nikeli ya Kanada. Kwa nikeli hiyo mafundi wa madini walitengeneza aloi iitwayo Nimonic, na aina yake ya Nimonic 80, iliyotokea mwaka 1941, iliweza kustahimili joto na mvuto wa kuzunguka kwa muda mrefu pasipo kupozwa kwa ndani. Panga la Mwingereza liliweza kuwa chuma kitupu, kizima, lisilo na tundu.

Wajerumani hawakuwa na nafasi hiyo. Nikeli yao ilikuwa haba, na migodi ya Petsamo iliyowategemeza iliwatoka mwezi wa Oktoba 1944 ilipotwaliwa na majeshi ya Urusi ya Kisovieti. Anselm Franz, aliyesanifu injini ya Jumo 004 ya ndege ya kivita Me 262, aliamriwa atumie madini adimu kwa uchache kabisa. Tanuri la injini yake lilifanywa kwa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Mapanga ya tabaini, ambayo kwanza yalikuwa mazima, baadaye yalitengenezwa kwa bamba lililokunjwa likawa na uwazi ndani, na hewa iliyochotwa katika kompresa ikapitishwa katika uwazi huo. Baadhi ya mapanga hayo yalifanywa kwa aloi ya Cromadur, ambayo manganizi ilishika ndani yake mahali pa nikeli. Hivyo panga tupu lenye kupitisha hewa, ambalo leo huhesabiwa kuwa kilele cha ufundi, liliingia katika vita kama kiraka cha maskini.

Hapa mwanatarikhi hana budi kuwa mwangalifu. Ni rahisi kusema kwamba dhiki ni mama wa uvumbuzi kisha kuliacha jambo hapo. Injini ya Jumo 004 haikuweza kutumika zaidi ya saa 10 hadi 25 kabla ya kufunguliwa kwa matengenezo makubwa, na rubani aliyesukuma mkono wa mafuta kwa pupa aliweza kuiunguza angani. Tena injini hizo zilitengenezwa kwa wingi katika mahandaki ya Kohnstein, karibu na Nordhausen, na watu wa kulazimishwa waliotolewa katika nchi zilizotekwa. Uhaba wa nikeli uliwafundisha wahandisi somo. Lakini walioilipa karo ya somo hilo si wahandisi peke yao. Hili nalo ni sehemu ya tarikhi ya hewa ipozayo, wala haifai kuachwa nje kwa sababu tu halimo katika michoro.

Baada ya vita somo lile lililala kidogo, kwa kuwa aloi za nikeli ziliendelea kuwa bora mwaka hata mwaka. Lakini joto lilikuwa likipanda upesi kuliko ubora wa aloi, na katika miaka ya 1950 ikadhihirika kwamba hata wenye nikeli tele hawana budi kutoboa mapanga yao. Injini ya Conway ya kampuni ya Rolls-Royce ilikuwa miongoni mwa za kwanza kubeba abiria zikiwa na mapanga yapozwayo kwa hewa ya ndani. Ilianza kazi hiyo mwaka 1960 katika ndege za Boeing 707, na mwaka 1964 katika ndege za VC10. Jambo hili lilifika kwetu upesi. Shirika la ndege la Afrika Mashariki, East African Airways, lilipokea Super VC10 yake ya kwanza mwaka 1966, nayo ilikuwa na injini nne za Conway zilizofungwa mkiani. Abiria aliyepanda Nairobi kwenda London katika miaka ile, kabla shirika hilo halijavunjika mwaka 1977, alichukuliwa na ufundi ule ule uliozaliwa kwa uhaba wa nikeli, ingawa sasa ulikuwa umevikwa mavazi ya kitajiri.

Sasa tutazame jinsi hewa hiyo inavyofanya kazi. Swali la kwanza ni wapi ichotwe. Hewa, kama maji, huenda kutoka penye shinikizo kubwa kwenda penye shinikizo dogo. Mapanga ya mbele ya tabaini yamekaa katika gesi iliyotoka tanurini sasa hivi, na shinikizo la gesi hiyo lakaribia lile la mwisho wa kompresa. Kwa hiyo hewa ya kuyapoza lazima itoke katika safu ya mwisho ya kompresa, ikalizunguka tanuri badala ya kupita ndani yake. Maana gesi ipitayo tanurini hupoteza shinikizo kidogo, na kwa tofauti hiyo ndogo hewa baridi hupata nguvu ya kupenya. Ikichotwa mahali pa shinikizo dogo, haitatoka katika matundu ya panga. Bali gesi ya moto ndiyo itakayoingia. Mapanga ya safu za nyuma, ambako shinikizo limekwisha kushuka, yaweza kutosheka na hewa ya safu za katikati, ambayo haijashindiliwa sana na kwa hiyo ni ya bei nafuu.

Bei ndilo neno lenyewe. Hewa ya kupozea si ya bure. Kila ratili yake imeshindiliwa kwa nguvu za tabaini, kisha ikanyimwa nafasi ya kupashwa moto na kufanya kazi yake yote. Katika injini kubwa za leo yapata sehemu moja katika tano ya hewa ipitayo katika kiini cha injini hutumiwa kwa kupoza na kuziba. Ni ushuru ambao mtambo hujitoza wenyewe ili uishi. Mhandisi hukubali kulipa kwa sababu joto linaloruhusiwa kwa ushuru huo huleta faida ipitayo gharama. Lakini akichota kupita kiasi faida humezwa, na akichota pungufu panga hulegea, hurefuka na hatimaye hukatika.

Njia za kuitumia hewa hiyo ziliongezeka kwa hatua. Mwanzoni ilipita moja kwa moja, ikaingia katika shina la panga na kutokea katika ncha. Kisha mafundi wakajifunza kulimimina panga kwa kalibu ya nta iyeyukayo, na kuacha ndani yake njia zipindazo huku na huko, ili hewa ikae zaidi na kuchukua joto zaidi kabla ya kutoka. Baadaye wakatoboa katika ngozi ya panga matundu ambayo aghalabu hayafiki upana wa milimita moja, hewa itoke na kutandaa juu ya panga kama pazia baina yake na gesi. Juu ya hayo wakapaka utando mwembamba wa kauri. Panga lenyewe nalo likabadilika: mwaka 1982 mapanga yaliyokuzwa kuwa fuwele moja, yasiyo na mipaka ya chembe ambapo nyufa hupenda kuanzia, yaliingia katika kazi ya kuchukua abiria. Hivyo chuma, kauri na hewa vyashirikiana, na hakuna kimoja kiwezacho kuishi peke yake.

Lakini kuchota ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuziba. Kitu kizungukacho mara elfu kwa dakika hakiwezi kufungwa kwa ngozi wala mpira dhidi ya kitu kilichosimama. Kikigusana vitalika vyote viwili. Ufumbuzi wa jambo hili watokana na tabaini za mvuke za Charles Parsons, aliyejenga ya kwanza mwaka 1884, na ambaye katika mitambo yake mvuke ulizuiwa kwa meno mengi membamba yaliyopangwa mfululizo, yakikaribiana na ukuta pasipo kuugusa. Twaweza kuiita sili ya vichochoro. Atembeaye katika mji wa kale wa Lamu ajua kwamba upepo mkali wa ufukweni hufa katika vichochoro, si kwa sababu pana mlango uliofungwa, bali kwa sababu kila kona huunyang'anya mwendo wake. Ndivyo ilivyo hapa. Hewa ipitapo katika upenyo wa jino la kwanza hupata mbio. Ifikapo katika chumba kilichopo baina ya meno, mbio hizo huvurugika zikawa vizingo na joto, na shinikizo lililozizaa limekwisha potea. Kwenye jino la pili huanza upya ikiwa dhaifu zaidi. Mwaka 1908 H. M. Martin alichapisha hesabu ya kukadiria uvujaji wa sili ya namna hii, na wanafunzi wa uhandisi hujifunza hesabu hiyo hata leo.

Sili ya vichochoro haizibi kabisa, wala haikusudiwi kuziba kabisa. Huacha hewa kidogo ipite, na uvujaji huo wenyewe hupewa kazi. Kandokando ya diski inayobeba mapanga, hewa iliyochotwa hutolewa kidogo kidogo ili gesi ya moto isipate mwanya wa kuingia upande wa ndani. Katika vyumba vya beringi, hewa husukumwa kutoka nje kuelekea ndani kupitia sili, ili mafuta ya kulainisha yabaki mahali pake. Mlinzi hapa si chuma. Ni tofauti ya shinikizo. Katika miaka ya 1980 zilianza kutumika pia sili za brashi, ambazo nyuzi zake nyembamba za chuma hujipinda mhimili unapoyumba kisha hurudi mahali pake. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wamejua kupuliza hewa baridi juu ya gamba la tabaini ili gamba linywee, lisiachane na ncha za mapanga kupita kiasi.

Wahenga waonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarehe 4 Novemba 2010 ndege ya Airbus A380 ya shirika la Qantas iliruka kutoka Singapore kwenda Sydney ikiwa na watu 469. Dakika chache baadaye, ilipokuwa juu ya kisiwa cha Batam, injini yake moja ilipasuka. Uchunguzi wa Australia, uliokamilika mwaka 2013, ulionyesha kwamba bomba dogo la mafuta ya kulainisha lilikuwa limetobolewa kombo kiwandani, hata upande mmoja wa ukuta wake ukawa mwembamba. Ukuta huo ulipata ufa. Mafuta yakarushwa katika uwazi wenye hewa ya moto karibu na diski ya tabaini, yakawaka. Diski ikaachana na mhimili wake, ikazunguka kwa kasi isiyozuilika, ikakatika vipande vilivyotoboa bawa. Gamba la injini laweza kuzuia panga lililokatika, lakini hakuna gamba liwezalo kuizuia diski. Marubani waliirudisha ndege Singapore na watu wote wakatoka salama. Ufa uliosababisha hayo ulikuwa katika bomba ambalo mtu angelishika kwa vidole viwili.

Hewa ichotwayo ina kazi nyingine nje ya injini. Injini inapowashwa, safu za mbele za kompresa humeza hewa nyingi kuliko safu za nyuma ziwezavyo kupitisha, na mkondo waweza kugeuka na kurudi kwa kishindo. Basi vali hufunguliwa katikati, hewa ya ziada itoke mpaka mwendo ukae sawa. Hewa hiyo huyeyusha barafu katika mdomo wa injini. Ikiisha kupozwa, hujaza chumba cha abiria ili watu wapate kupumua juu mawinguni. Ndiyo sababu sili ya beringi ikivuja, harufu ya mafuta yaweza kumfikia abiria aliyeketi mbali na injini. Ndege ya Boeing 787, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2011, iliacha kuchota hewa ya injini kwa ajili ya chumba cha abiria, ikatumia kompresa za umeme. Lakini haikuacha kuichota kwa ajili ya tabaini zake, wala kwa barafu ya midomo ya injini. Ushuru wa abiria waweza kufutwa. Ule wa moto haufutiki.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yaishia angani. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo imechomwa katika tabaini za Ubungo, mjini Dar es Salaam, kuzalisha umeme. Nguvu za mitambo ya namna hii hutajwa kwa hewa ya nyuzi 15, hali hewa ya pwani aghalabu hupita 25. Hewa ya joto ni nyepesi, na kompresa inayomeza ujazo ule ule hupata uzito mdogo zaidi. Hivyo nguvu hupungua. Mwanafunzi wa Dar es Salaam asomaye kwa taa usiku amo ndani ya hesabu ile ile ya Neuchâtel, kwamba kilichobaki ni kidogo, na kila kipunguacho chakata kilichobaki.

Tukiitazama safari hii yote, kutoka nguvu 11 za farasi za Elling mpaka injini za leo, twaona kwamba aloi peke yake isingaliwavusha watu mpaka hapa. Kilichowavusha ni ujasiri wa kuizuia sehemu ya hewa isiungue, na subira ya kuilinda njiani katika vichochoro vya chuma. Msomi anayetaka kuupima mtambo wowote, uwe wa chuma au wa utawala, asiulize tu watoa nguvu kiasi gani. Aulize pia ni kiasi gani wajiwekea ili usijiteketeze, na ni nani alipaye sehemu hiyo.